Saini Chini ya Shingo

Jumamosi, 4 Machi 2023

Haiwezekani! Nimesoma tangazo mara sita na chai imepoa. Mama mmoja wa Goulburn anauza gitaa la besi la mwaka 1966, mali ya marehemu Des Corrigan wa bendi ya Tipper Lane. Ndilo alilopiga kwenye kila rekodi, anasema, na saini yake imo ndani.

Ndilo! Sasa hili lililoning'inia ukutani kwangu hapa Port Kembla miaka arobaini na mitatu ni la nani? Langu ndilo alilopiga kwenye kila rekodi. Kaka yangu Joop ndiye aliyeniambia. Alimbebea Des vyombo miaka minane, bendi nzima imejibana kwenye gari moja. Des akampa besi kwa mkono wake, na Joop akanipa mimi nilipotimiza miaka kumi na minane.

Nina besi kumi na moja. Kumi nimezinunua mwenyewe, nyingine hadithi yake nzito kuliko ubao. Moja ati iliwahi kuazimwa na mtu aliyewahi kula chakula na mtu mashuhuri. Huwa nacheka, halafu nanunua. Hii ya Joop sijawahi kuicheka.

Nimemwandikia yule mama. Sijui kwa nini. Ndiyo, najua.

Jumatatu, 6 Machi

Carmel Fenech wa makumbusho ya mji amepiga simu. Maonyesho ya bendi za hapa yanafunguliwa wiki ijayo, na anaitaka besi yangu katikati, ndani ya kabati la kioo, jina la Dekker chini yake. Sisi! Tuliofika kutoka Uholanzi na masanduku mawili na baiskeli moja! Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Halafu akaleta sharti lake. Atakuja Alhamisi ya tarehe kumi na sita kupiga picha ya saini. Maana kila mpenzi wa Tipper Lane anajua: Des hakusaini nje. Alifungua gitaa, akaandika kwa penseli chini ya shingo, pale inapokaa kwenye ubao, kisha akafunga. Unyenyekevu, wanasema.

— Ni kutoa skrubu nne tu, Bi Dekker.

Tu! Skrubu zangu hazijaguswa tangu kiwandani. Vichwa vyake laini, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Mnunuzi anayejua kazi hutazama hizo kwanza, kwa lenzi, kabla hata ya kusalimia. Nimewaonyesha watu skrubu hizo kwa fahari miaka yote. Bisibisi ikigusa mara moja, basi, imekwisha.

Nikamwambia nitafikiria.

Jumanne, 7 Machi

Nilikuwa napiga mswaki ndipo ikanijia. Nikakaa kwenye ukingo wa bafu na povu mdomoni.

Kama skrubu hazijafunguliwa tangu kiwandani — Des alisaini saa ngapi?

Miaka arobaini na mitatu najisifia vitu viwili visivyoweza kukaa kwenye gitaa moja! Saini ndani, skrubu nzima nje. Na hakuna aliyeniuliza. Wajuzi wote wale na lenzi zao! Mimi mwenyewe, mjuzi!

Jumatano, 8 Machi

Goulburn na kurudi. Mgongo unauma.

Anaitwa Hazel Mottram, mjane, zaidi ya themanini, mfupi, mcheshi. Anahamia Perth kwa binti yake na gitaa halitoshi kwenye mizigo. Akanikalisha, akanikatia keki ya chokoleti na nazi kabla sijavua koti.

— Vern wangu hakuwahi kupiga noti hata moja, mwanangu. Alikuwa analifuta vumbi tu, kila Jumapili. Mimi hakunifuta hivyo hata siku ya harusi!

Nikamuuliza Vern alilipata wapi. Alilinunua hapohapo sebuleni mwaka themanini na nane, kwa mwanamume mrefu, masikio makubwa, mtu wa Port Kembla. Alikula vipande vinne vya keki. Alisema yeye na Des ni kama mkono na glavu.

— Au ndiye alikuwa Des mwenyewe? — akauliza.

— Des alikufa themanini na tano, mama.

— Basi hakuwa yeye.

Akacheka mpaka miwani ikamshuka. Mimi nikairudisha keki sahanini. Mrefu, masikio makubwa, vipande vinne. Watu warefu wapo wengi Port Kembla. Masikio pia.

Nimelinunua. Bei hakunikaba, na mkanda wake wa begani akaniongezea bure. Sauti yake nzuri, nzuri mno. Skrubu za hili zimekwaruzwa vibaya.

Alhamisi, 9 Machi

Nimelifungua la Goulburn. Hapa pana saini kweli.

D. Corrigan, 7-7-77.

Saba nne, na zote zina kistari tumboni. Mama alitufundisha kuziandika hivyo mezani jikoni, na shuleni mwalimu akitufutia kila siku, mimi nikaacha, Joop akagoma. Mpaka leo kadi zake za siku yangu ya kuzaliwa zina saba za hivyo. Na hiyo D yenye mkia! Hiyo ni D ya Dekker.

Nimeifunika kwa taulo. Nimepika, sikula.

Ijumaa, 10 Machi

Nikajipa moyo: labda Des naye aliandika saba hivyo. Alikaa na Joop miaka minane, tabia huambukiza. Nikashusha majalada yangu ya santuri, yote saba, yote yamesainiwa. "Kwa Wilma, kutoka kwa Des." Nikayapanga sakafuni. Mwandiko mmoja! Uleule wa kwenye besi! Nikashangilia peke yangu kama mwehu.

Kisha nikajiuliza majalada haya yalinifikiaje. Joop. La kwanza Joop, la pili Joop, yote Joop. Sina mwandiko wa Des ambao haukupitia mikononi mwa kaka yangu.

Nilimpigia.

— Kaka, Goulburn umewahi kufika?

— Nani hajafika Goulburn?

— Kuuza besi, nasema.

Nikasikia kriketi kwenye televisheni yake.

— Nitakuja Jumatano tule — akasema. — Upike zile kroketi za nyama za mama. Na usiguse skrubu zozote, Wilma. Unanisikia? Zozote.

Akakata. Sasa kwa nini aseme hivyo? Sikumtajia skrubu!

Jumapili, 12 Machi

Nina hasira. Halafu nampenda. Halafu nina hasira tena. Baba alipokufa mimi nilikuwa na miaka tisa, na huyu Joop ndiye aliyeninunulia viatu vya shule. Nilijifunza besi kwa sababu yake, nikapiga kwenye harusi za mji huu mzima miaka ishirini, na kila nilipoishiwa nguvu nilijiambia: Des Corrigan alishika hapahapa ninaposhika. Kama ni uongo, nataka kujua. Sitaki kujua. Carmel ameandika tena, kabati limeshafika.

Jumatano, 15 Machi

Naandika nimesimama jikoni. Nimekuja eti kuchemsha maji. Joop yuko sebuleni. Niandike sasa hivi kabla hajanivuruga zaidi.

Alikula kroketi sita. Nikatoa taulo, nikamwekea la Goulburn mezani, shingo huku, ubao kule. Hakushtuka. Akavaa miwani, akasoma, akatabasamu.

— Mwandiko mzuri.

— Wako!

— Wangu. Sasa uwe wa nani? Des hakujua kuandika.

Nikadhani ananitania. Akavua miwani. Des aliacha shule akiwa mdogo, akasema, akaingia bandarini. Jina lake mwenyewe lilimtoa jasho. Mikataba, menyu za hotelini, barua za wasichana, vyote Joop alimsomea chooni, mlango umefungwa. Wakianza kuomba saini, Des akawa anasema mkono unauma. Ndipo Joop akabuni ile ya chini ya shingo.

— Saini ya nje mtu atakuomba urudie mbele yake. Ya ndani nani atakuomba? Umeshafunga skrubu, umeshaondoka. Wakasema Des mnyenyekevu. Tulicheka, Wilma! Tulicheka mpaka tukalia. Nimeitunza hii siri tangu hapo, na wewe usimwambie huyo Carmel wako. Jamaa aliona aibu mpaka anakufa.

— Kwa hiyo besi za saini yako ndizo za kweli?

— Ndizo.

— Na ya Goulburn? Themanini na nane, Joop! Des alikuwa kaburini!

Akajikuna sikio. Mama yake Des alibaki na besi mbili za kuuza, akasema, na alikuwa na shida ya pesa. Au tatu. Hakumbuki vizuri.

— Mbili au tatu?

— Wee, ni zamani!

Nikalishusha langu ukutani, nikalilaza mezani kifudifudi, skrubu nne zinang'aa.

— Na hili?

Macho yakawa na maji, naapa, na Joop si mtu wa machozi.

— Hilo sikuliandika. Hilo alinipa yeye, ana kwa ana, akasema mpe mdogo wako. Sasa saini ya nini? Nisaini kumthibitishia nani?

Nikamwamini! Mwili wangu wote ulimwamini. Skrubu nzima, ndani patupu, kwa hiyo ni la kweli, na ndilo pekee nisiloweza kulithibitisha. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia basi, nampigia Carmel asije, hatuwezi kuonyesha kitu.

— Asije? — akasema. — Jina la baba lisiwekwe? Watakuja kesho, si ndiyo? Wanataka saini, si ndiyo?

Akatoa penseli mfukoni mwa shati. Fupi, ya zamani, mti wake umeshabadilika rangi. Alikuja nayo. Alikuja nayo tayari! Akaniuliza bisibisi naweka wapi.

Nikasema nachemsha maji.

Maji yamechemka zamani. Bisibisi ninayo mimi, kwenye mfuko wa aproni, tangu asubuhi. Nimeishika. Nikimnyima, kabati la Carmel halina kitu. Nikimpa, naua kitu pekee ambacho hakijawahi kudanganya ndani ya nyumba hii. Na kama ananidanganya, sina cha kuua.

Namsikia anachonga penseli kwa kisu cha jibini. Anapiga mluzi wimbo wa Tipper Lane. Ameacha.

— Wilma! — anaita. — Tuandike mwaka gani?