Pini Zilizobaki

4 Machi

Kaka Daftari,

Shikamoo. Habari za huko, na mgongo wako je? Sisi hatujambo, ila mvua imetukalia.

Nina shida ya kifundi. Hosteli ninayosimamia imepoteza funguo za akiba, na meneja anataka vitasa vyote arobaini vibadilishwe pini za ndani, vipate funguo mpya. Nataka nifanye mwenyewe. Dukani kuna visanduku viwili vya pini, kidogo na kikubwa. Nichukue kipi? Usinicheke.

Nyumba ya marehemu mama iko salama. Nafagia kila Jumamosi.

Mdogo wako,
Kiroboto

11 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Mgongo umetulia, ulimi wako ndio bado. Nimefurahi, dadangu, hatimaye kibanio changu cha ufundi vitasa kimepata mrithi.

Usikimbilie ukubwa. Nenda dukani na kitasa kimoja, uhakikishe pini ni za aina hiyo. Za aina nyingine zitaingia, lakini kitasa kitakwamakwama mpaka ulie. Chagua kisanduku ambacho kila urefu wa pini una rangi yake, maana macho hudanganya. Kisha hesabu. Kidogo kina pini sitini, na kitasa kimoja kinakula tano. Milango arobaini ni pini mia mbili. Chukua kikubwa. Ukitoa silinda, kile kiini kinachozunguka na ufunguo, isukume kwa kijiti cha unene uleule, la sivyo springi zitarukia kwa jirani.

Mwezi ujao nina likizo. Nitalala kwa mama. Alitugawia ufunguo mmoja mmoja ili asiwepo wa kumgongea mwenzake mlango; wangu ninao.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. U mzima? Mimi mzima, vidole tu vina malengelenge. Nilichukua kisanduku kidogo, kazi imekwisha na pini zimebaki tele. Wewe ni mwalimu!

Ila likizo ahirisha. Bomba limepasuka kwa mama, sakafu yote maji. Pakikauka nitakwambia.

Mdogo wako

19 Aprili

Salamu zimenishinda.

Nilikuja tarehe 16, nimebeba spana na bomba jipya, nikusaidie. Ufunguo uliingia, haukuzunguka. Mwanamke mmoja akafungua, kashika sufuria.

“Unamtaka nani, baba?”

“Hapa ni kwetu.”

“Umekosea mlango. Tumepangishwa na dada mmoja, ndiye mtoto pekee wa marehemu.”

Nyuma yake sakafu ilikuwa kavu. Niliomba radhi. Mimi, niliomba radhi.

Nikakaa kwenye ngazi, nikafungua shajara yangu, ile iliyokufanya uniite Daftari. 11 Machi: milango arobaini, pini mia mbili. 2 Aprili: alinunua sitini, zimebaki. Nimeandika kwa mkono wangu na sikuona. Ulikuwa mlango mmoja, Kiroboto.

Ungesema unataka kupangisha, tungegombana siku mbili, tukanuna, yakaisha. Kunizika pamoja na mama, hilo siliwezi.

Vifaa nilikuwa navyo begini. Kitasa kile nilikifunga mwenyewe, mama akinishikia skrubu. Ningekifungua kabla yule mpangaji hajafika jikoni. Sikukigusa. Lakini alipofunga nilisikiliza, mazoea ya kazi. Kilizunguka laini, hakikukwama popote.

Ufunguo wangu nimeutia humu ndani ya bahasha. Na siku hiyo, shajarani, niliandika mstari mmoja tu: Nimemfundisha vizuri.

Fundi vitasa