Kompyuta Inayochemka na Kupamba kwa Rahila

Jumatatu, 10 Februari 2025

Imezima tena! Nilikuwa naitoa video ya Rahila, bibi harusi, iwe faili moja tayari ya kutazamwa, imefika anapoingizwa ukumbini — kimya. Kioo cheusi.

Inachemka. Kaskazi hii, na chumba changu cha juu huku Mji wa Kale ni tanuri. Nimesafisha feni yake, nimeibadilishia pesti ya kupitisha joto, nimeielekezea feni ya mezani. Wapi. Prosesa ikikaribia digrii mia, laptop inajizima yenyewe.

Dawa naijua. Kupunguza volti za prosesa. Kazi ni ileile, umeme mdogo, joto linashuka. Mwaka jana nilifanya hivyo ikatulia kabisa. Leo nafungua ile programu — kitelezi cha volti kimefifia, hakisogei. Mwezi uliopita nilikubali BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha laptop, isasishwe, na watengenezaji wakaifunga sehemu hiyo. Kwa kidole changu hiki nilikubali! Laptop ni yangu, nimeinunua mimi, na siruhusiwi kuiguza ndani.

Bi Mahfudha amepiga. Ndiye khaloo yake Rahila, dada wa mamake, ndiye aliyenipa kazi hii ya video. Anasema mama yake mzazi, Bi Sauda, nyanya yake Rahila, presha ya macho imezidi, jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Anaulizia video kila siku. Usiku wa kupamba alikuwa amelazwa hospitali, na ndiye aliyemlea Rahila tangu uchanga. Sasa Rahila yuko Maskat kwa mumewe.

Nimesema kesho, inshallah. Muongo mimi.

Jumanne, 11 Februari

Nimepekua BIOS ukurasa kwa ukurasa. Lugha, saa, nywila. Volti hakuna! Mtandaoni wanasema rudisha BIOS ya zamani. Nimejaribu — imekataa, toleo la zamani haliruhusiwi.

Basi nikaibana prosesa ifanye kazi kwa nusu ya kasi. Haikuzima. Ilikokota tu, ikaniahidi video kesho alasiri. Nikasema na iwe kesho. Magharibi stima ikapotea, na betri ya laptop ilishakufa siku nyingi. Kazi yote imerudi sifuri.

Nimelia. Kwa laptop! Mama angeniona angenicheka.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda kwa Arnold, fundi wa kompyuta wa Mwembe Tayari. Mtu wa bara, mpole, hana makuu. Nilikwenda mikono mitupu, laptop nimeiacha nyumbani. Anasema mpangilio uliofichwa unafunguka, lakini lazima aiandike upya chipu ya BIOS, na chipu ikikataa, laptop imekufa. Nimwachie siku mbili. Nikamwambia nitatoa diski nibaki nayo. Akasema aina hii diski imechomelewa kwenye bodi. Akauliza kama nina nakala.

Sina.

Ningemweleza vipi? Kupamba ni shughuli ya wanawake. Wake za watu wamevua mabuibui, nywele wazi, wanacheza. Ndiyo maana mimi, shughuli ikiisha na video ikiingia kwenye laptop, huzifuta kadi za kamera mbele ya mwenye shughuli, aone kwa macho yake. Nakala hubaki moja tu, ndani ya laptop ambayo haitoki chumbani kwangu. Hii ndiyo sifa yangu mji mzima. Na sifa hiyo sasa ndiyo inayonifunga.

Arnold akasema pole, dada.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemwomba Bi Mahfudha idhini niweke nakala kwenye diski ya nje, ndipo Arnold ajaribu. Hataki. Nakala ni nakala, anasema. Kuna shughuli ya mwaka jana, si yangu, picha zilifika kwenye simu za wanaume, na mke mmoja akarudi kwao. Maneno hayo nilimwambia mimi mwenyewe alipokuja kunitafuta!

Kabla ya kukata ameniambia Bi Sauda leo amemimina chai mezani, kando ya kikombe.

Jumapili, 16 Februari

Kitelezi bado kimefifia. Nakibofya tu kama mwendawazimu. Nimechoka, Ya Rabi, nimechoka.

Jumanne, 18 Februari

Mjinga mimi! Video safi ya nini? Nimeng'ang'ania nyimbo zikae sawa, majina yaelee, wasiotaka kuonekana waondolewe — na huku jicho la mtu linakwisha. Bi Sauda ni mwanamke, yuko peke yake, kitandani. Atazame mbichi! Kuionyesha tu hakuichoshi prosesa kama kuitoa. Nitaibeba laptop mwenyewe nimpelekee. Haijawahi kutoka chumbani, lakini kesho inatoka.

Bi Mahfudha amekubali. Anasema afadhali ningekuja wiki jana.

Jumatano, 19 Februari

Naandika nikiwa hapa hapa kwa Bi Sauda, daftari pajani. Sijui mikono niiweke wapi.

Tumeamkiana sabalkheri, akanishika kiganja, akaniuliza kama nimekuja na Rahila. Nikasema ndiyo, Bi. Laptop nimeiweka juu ya sinia la bati lipoze chini, feni pembeni. Bi Mahfudha alitazama mwanzo, machozi yakamshinda, akaenda jikoni kuteleka kahawa.

Rahila ameingia. Vigelegele. Bi Sauda akacheka kwa sauti! Nikasema moyoni, alhamdulillah, tumewahi.

Kisha feni ya laptop ikaanza kupiga kelele. Picha ikaganda. Ikafifia. Safari hii haikuzima yote: kioo kikawa cheusi, sauti peke yake inaendelea — tari, vigelegele, wanawake wanaimba. Nikangoja Bi Sauda aniulize kumetokea nini.

Hakuuliza.

Amesema, "Mtizame, mwanangu. Mtizame yuwacheka."

Sijaguza kitu. Nyimbo zaendelea. Anasema shela limempendeza, anasema amenenepa kidogo, mashallah. Nasikia vikombe, Bi Mahfudha anarudi. Na Bi Sauda amenyoosha kidole hadi kwenye kioo cheusi, ananionyesha Rahila alipokaa.