Tanga Nililolinyoosha

Mtaa wa Sofia,
Sanduku la Posta 417,
Voi.
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Zephaniah,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima huko Mtwapa, na mkeo Rita na mtoto Austin pia hawajambo. Sisi huku tuko salama, ila joto linatumaliza na mvua bado hatujaiona. Goti la Mama limepoa kidogo, sasa anafika kanisani na kurudi bila kushikwa mkono. Kila mara ananiuliza kama umepiga simu. Namwambia una kazi nyingi. Huo ni uongo nimeusema mara tano, na umenichosha.

Naandika barua kwa sababu simu yangu hutaki kushika. Tangu Jumapili ya tarehe mbili uliponitumia maneno mawili, "Dada, umeniaibisha," nimekupigia mpaka yule mwanamke wa mtandao nadhani ananijua kwa jina. Basi maneno yangu nimempa kondakta wa basi, yeye huwezi kumkatia. Soma mpaka mwisho, hasa mwisho.

Ujue kwanza kwamba nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, na nimejikasirikia mimi, na sijui nani anazidi.

Rita amenieleza yote. Kwamba lile tanga la mashua ya Daktari Mumbe nililolishona lilipandishwa siku ya mazoezi, wewe ukiwa kwenye usukani, watu wamejaa gatini wanatazama. Kwamba mashua ilikataa kwenda mbele, ikawa inaenda upande upande mpaka ikaingia kwenye mikoko, na boti ya injini ikaja kuwavuta kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Na meneja wenu alikuwa amesimama pale pale. Najua ni yeye atakayechagua mkuu wa gati, yule mzee akistaafu mwisho wa mwezi. Miaka kumi na moja unaosha na kufunga mashua za watu hapo marina ukingoja nafasi hiyo, na wote walikuwa wanasema ni yako. Hilo limeniuma kuliko maneno yako mawili.

Lakini hebu tuulizane. Mimi nashona turubai. Ulilijua hilo ulipomwambia Daktari kwamba dada yako yuko Voi na mkono wake ni mzuri. Miaka ishirini nafunika malori, na madereva kutoka Miasenyi mpaka mpakani wananijua. Turubai nzuri ni ile inayolala. Ikiwa na mfuko popote, maji ya mvua hukaa hapo na mahindi ya mtu yanaoza. Kazi yangu yote ni kuondoa mifuko.

Sasa wewe unaniletea tanga limefumuka mishono mitatu, na agizo moja tu: "Shona iwe imara." Nikalitandaza kwenye ukumbi wa kanisa kwa sababu kibandani halikuenea. Halikulala. Nikilikanyaga huku, linainuka kule. Nikafumua lote, nikaona vipande vyote sita vimekatwa ukingo wa kupinda, nikasema aliyekata kitu hiki alikuwa amelewa. Nikachukua rula ndefu na chaki, nikanyoosha kila ukingo, nikakata kilichozidi, nikashona mshono wa mara mbili. Lilipolala kama meza niliita watu waje waone. Hata nikakuongezea matundu ya pete pembeni, ambayo hukuyaomba. Nilifurahi, Zephaniah. Nilikuwa najisifu wakati nalifunga kwenye gunia, na nikikumbuka leo nasikia aibu mpaka masikioni.

Usimgombeze Rita kwa hili nitakalosema. Tanga ulilolitupa stoo alilitoa yeye, kwa ruhusa ya Daktari, akanirudishia kwa basi. Anasema jipya lililoagizwa halijafika na mashindano ni Jumamosi hii. Lilinifikia Jumatano nikalikalia tu, sijui pa kuanzia, kwa sababu mshono wangu haukuwa umeachia hata mahali pamoja. Kosa sikuliona. Kuambiwa umekosea na usione ulipokosea, hiyo inachoma.

Aliyeniokoa ni Nthambi, jirani yangu wa kibandani, yule anayeshona nguo za akina mama. Alhamisi alikuwa anatafuta kiraka kwenye gunia langu la vitambaa, maana unajua mimi situpi kitu. Akatoa vile vipande nilivyokata kwenye tanga, vyembamba, vimepinda kama ganda la tikiti. Akaniuliza nimevitoa wapi. Nilipomwambia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Dinah, wewe hujawahi kumvisha mtu," akasema. "Nguo ikilala kama meza, mwanamke ataweka wapi kifua? Hilo tanga lilikuwa na tumbo lake, na wewe umelitoa."

Kumbe upepo unataka mahali pa kukaa. Ule mfuko ninaoukimbia mimi kwenye turubai ndio mnaoutafuta nyinyi kwenye tanga. Na wewe ulijua. Lazima ulijua, umeyatazama matanga miaka kumi na moja, na hukufikiria kuniambia neno hilo moja.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kama unataka kuijua. Kila nikisema nije nione unapofanya kazi, unanijibu kwamba mambo ya marina sitayaelewa, kwamba hao ni watu wa kujifurahisha tu, wanatoka hapo, wanazunguka boya, wanarudi hapo hapo. Ni kweli sielewi. Mashua haibebi samaki, haibebi gunia, na watu wazima wanashindana nayo. Lakini ningeiona mara moja tu ikitembea, tanga limejaa, nisingelinyoosha. Mume wa mwenzangu wa kwaya amefika hapo marina kutazama mashua, mimi dada yako sijafika. Nafikiri ulinionea aibu kabla sijakuaibisha. Basi, nimelisema.

Ijumaa na Jumamosi nilifumua tena. Vile vipande nilikuwa nimevitia namba kwa chaki, angalau hilo nilifanya vizuri, kwa hiyo kila kimoja nilikilaza juu ya ukingo wake, nikachora mpindo wake kwa penseli, nikakata kuufuata. Nguo iliyokatwa hairudi. Tanga sasa ni fupi kwa shubiri moja na zaidi kidogo, na Daktari umwambie hivyo usimfiche. Nthambi alishika pini tangu asubuhi na hakuacha kunitania hata saa moja.

Jana baada ya ibada tulilipeleka kwenye uwanja wazi upande wa Ndara. Makau, dereva ninayemshonea, aliegesha lori lake tukalifunga kwenye vyuma vya nyuma, mimi nikashika kamba ya chini. Upepo ulipokuja lilijaa lote kwa mara moja, na kamba ikanivuta hatua tatu. Na uzito wangu unaujua. Nilisimama pale nimeishikilia, nikalia, na Makau akajifanya anakagua tairi.

Sasa usikimbilie ofisi ya basi kuuliza mzigo. Humo hamna tanga. Kwenye bahasha nimekuwekea kipande kimoja kilichopinda, namba nne, ukitazame vizuri. Tanga ninalo mimi. Ijumaa nitapanda basi nalo, na saa nane mchana nitakuwa kwenye geti la marina. Usimtume askari, utoke mwenyewe. Tutalifunga pamoja, kisha utanipandisha kwenye hiyo mashua tukazunguke hilo boya lenu. Likikataa kuvuta, nitaenda kwa meneja kwa miguu yangu nimwambie kosa ni la mikono yangu, wewe usimame tu kando. Likivuta, Jumamosi ukimbie nalo. Kuogelea sijui, kwa hiyo nitafutie jaketi la kuokolea linalonitosha. Usiniletee la Austin.

Msalimie sana Rita, mwambie nimeshukuru. Mwambie Austin shangazi anamletea ndizi za Taveta. Nthambi anakusalimia na anasema anadai kuiona picha ya tanga likiwa majini.

Leo asubuhi Mama ameuliza tena kama umepiga. Nimemwambia ukweli, kwamba hujapiga, na sababu yake. Akasema nikirudi nimweleze jinsi ulivyonipokea. Nisingependa kumdanganya mara ya sita.

Mungu akutunze majini na nchi kavu, na akulainishe huo moyo kabla ya Ijumaa.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira nawe na mwenye kukupenda,

Dinah