Mzaramo Aliyezikwa Kimya

Mzaramo,

Salamu zangu zimechelewa, na najua utasema Mnyamwezi hutembea polepole kwa kuzoea mizigo. Sawa, sema. Tumerudi juzi kutoka Italia, mimi, mkeo na mwanao Salma, na tangu turudi sijakaa kitako. Naandika mstari mmoja, nainuka, natazama mabasi ya Weston Road yakipita, narudi. Chai nimeipasha moto mara mbili na bado sijainywa.

Ngoja nikueleze tangu siku tuliyokuzika, maana hukuwepo. Ilikwenda haraka mno. Uliswaliwa, ukaingizwa kwenye gari jeusi, tukakusindikiza makaburini kwenye baridi ya kukata masikio, tukarudi ukumbini kula wali. Kila mtu amevaa vizuri, kila mtu anaongea chini chini. Kule kwetu mtani haombi nafasi. Ningelala mbele ya jeneza nikatae lisipite. Ningevaa nguo zako nikuigize mbele ya wafiwa, wacheke mpaka machozi yapate njia. Nilichukua kofia yako na ile miwani nyeusi, nikavaa, nikaanza kutembea kama wewe, tumbo mbele. Watu wakanitazama kama nimepungukiwa na akili. Salma akaja, akanivua kofia taratibu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba baba yake anastahili heshima, tafadhali, si leo.

Simlaumu. Mwanao amekulia Thorncliffe, na misiba yote aliyoiona huku ughaibuni ni ya kunong'ona. Nikaketi. Lakini ndugu yangu, tangu siku ile nikawa naona kama hatukukuzika, tulikuweka tu. Halafu nikaanza kujifikiria mwenyewe. Mimi huku sina mke wala mtoto. Mtani wangu ulikuwa wewe tu. Nitakapokufa nitapita pale ukumbini kimya vilevile, watu watakula wali, waende zao kazini.

Mkeo naye alinyamaza. Eda yake yote alikaa kwenye kile kiti cha sebuleni, halii, hacheki, ukimuuliza hali anasema ipo tu. Alipotoka eda ndipo tukakumbuka ile safari uliyoilipia mwenyewe, ya mji uliouona kwenye gazeti kwa daktari wa meno, nyumba zimebandikwa kwenye jabali na bahari iko chini ya miguu. Ulituchosha na mji ule. Ulisema utakodi gari na kuliendesha mwenyewe, na mimi nitakaa nyuma na masanduku. Salma alitaka tuahirishe. Mkeo akasema, "Tutakwenda. Na shemeji naye twende naye, masanduku atabeba nani?" Tangu ufe hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo.

Tukaenda. Macho yangu unayajua, kwa hiyo Salma ndiye aliyeshika usukani. Mji ni mzuri, hukutudanganya, ila gari linaachwa juu barabarani na nyumba iko chini kabisa, na ngazi zake, Mzaramo, hazina huruma. Sanduku la mkeo nililibeba kichwani. Kweli, kichwani. Kila nikipumzika nasikiliza, na hakuna anayecheka. Wewe ungecheka mpaka ukae chini.

Na tulipofika tukakaa kwenye baraza ya ile nyumba kama watu wanaosubiri kuitwa hospitali. Mkeo anatazama bahari, Salma anatazama simu. Mimi ndiyo kabisa, sikuweza kutulia. Natoka, napanda, nashuka, nanunua malimau ambayo hatuna kazi nayo. Nilikukasirikia pia, nikwambie ukweli. Mtu analipia safari ya watu wanne halafu anakufa.

Siku moja tukampeleka mkeo mji wa jirani. Barabara imechongwa ubavuni mwa jabali, upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa tupu. Kwenye kona likatokea basi la watalii, limejaa barabara nzima. Salma akakanyaga breki, akaganda. Nyuma yetu pikipiki zinapiga honi, mbele dereva wa basi anarusha mikono. Mkeo kafumba macho.

Sikupanga. Nilitoa mkono dirishani, nikauning'iniza kama ulivyozoea kuuning'iniza wewe ukiendesha, hata wakati wa theluji, nikasema kwa sauti yako ile ya puani, "Shikamoo, basi." Unakumbuka kila lori kubwa la njia ya Brampton ulikuwa unaliamkia, ukisema mkubwa ni mkubwa. Nikaendelea, "Mimi Mzaramo, nawahi ngomani. Pita tu mzee wangu. Pakiwa pembamba, nina Mnyamwezi hapa nyuma, atakibeba hiki kigari."

Mkeo akacheka. Kwanza mabega, halafu mwili mzima, halafu kicheko kikageuka kilio, kilio chenyewe, anapiga dashibodi kwa viganja na kukuita kwa jina. Nami nikalia, mkono bado uko nje. Dereva wa basi, maskini, akatuangalia, akarudi nyuma polepole, pengine akidhani tumefiwa hapo hapo.

Salma akasogeza gari mpaka penye nafasi, akazima injini. Nikajua sasa naambiwa tena habari za heshima. Badala yake akauliza kama hicho ndicho nilichotaka kufanya siku ile. Nikamwambia ndicho. Akauliza, na akifa Mnyamwezi, nani anamfanyia? Nikamwambia Mzaramo, na Mzaramo wangu ametangulia. Akaniangalia kwenye kioo. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, "Baba alikuwa Mzaramo. Kwa hiyo na mimi ni Mzaramo."

Nilitazama bahari nikajifanya naikagua.

Ndiyo maana leo situlii. Mchana nakwenda Thorncliffe kumpa somo la kwanza. Nitamfundisha matusi yote uliyonitukana miaka yote hii, hata yale ya kuhusu mama yangu, maana hayo ndiyo uliyoyapenda. Ulimi wake mzito bado, lakini jana kwenye simu aliniuliza kama nimeoga au Wanyamwezi husubiri mvua. Nikakata simu nikacheka peke yangu jikoni, kisha nikakaa sakafuni.

Lala sasa, Mzaramo. Tumekuzika. Nami nakuahidi hili: siku yangu ikifika, mwanao atalala mbele ya jeneza langu na kukataa nisipite, na nitaacha neno kwa kila mtu kwamba asimwinue.

Ni mimi, mpagazi wako.