Mlinda Mlango wa Ghala la Kasamali

Jumamosi, 15 Aprili 1905
Mto Lumemo umefurika tena. Wanaume hawavui, wanacheza. Niandike lilivyoanza kundi lao, maana wenyewe watadanganya! Mwaka jana mafuriko yaliwakimbiza wavuvi hadi ghala la Bwana Kasamali, mnunuzi wa mpira wa msituni, kila mtu na wavu wake wa mkono, ule wa mpini. Mvua, njaa, uvivu. Dionisi, rafiki wa mume wangu Fulgensi, akaokota donge la mpira wa kuuzwa, akamrushia. Fulgensi akalidaka kwa wavu. Basi! Mpaka leo hawajaacha. Donge likipita mlango mdogo wa nyuma, kundi lako limefungwa bao. Anayeulinda ni Fulgensi.

Jumapili, 7 Mei
Bwana Kasamali sasa anawalipa! Chumvi na kaniki. Anasema watu wakija kutazama, hununua. Mama mkwe hakuamini — mwanamume mzima alipwe kwa kucheza? Nikampa chumvi aonje. Akalamba kiganja chote.

Nyavu nasuka mimi. Wa Fulgensi naupanua kidogo. Mamba alimng'ata goti la kushoto, hainami vizuri upande ule. Donge la chini, kushoto, hazuii ng'o. Tunajua mimi na Dionisi tu. Nyumbani namcheka, mbele za watu namsifu.

Jumatano, 9 Agosti
Amekuja mjumbe wa dawa, wanamwita hongo. Ukinyunyiziwa maji yake, anasema, risasi za Wajerumani hazikuingii. Viboko vya akida wao vimetuchosha sote, hata mimi. Lakini risasi?

Alhamisi, 10 Agosti
Wamejaribu dawa ghalani. Fulgensi kanyunyiziwa, kasimama mlangoni. Wenzake wakarusha madonge kwa nguvu zao zote, Dionisi akiongoza. Kadaka yote! Vigelegele. Hongo akamwinua mkono — mnaona? Huyu ndiye atakayetutangulia bomani kwa Wajerumani.

Jamani, alikuwa anadaka hata kabla ya maji! Tena nimetazama vizuri. Dionisi alirusha juu, kulia. Wengine wakamfuata. Chini kushoto halikwenda hata moja.

Fulgensi amehamia ghalani. Aliyenyunyiziwa dawa halali na mkewe. Kitanda kimekuwa kikubwa mno.

Ijumaa, 11 Agosti
Nimembana Dionisi kisimani.

“Shemeji, ningemwaibishaje mbele ya umati ule? Fulgensi ni ndugu yangu.”

“Na wakimpiga risasi?”

Akalia. Nilitaka kumzaba kofi. Nikampa uji.

Jumapili, 13 Agosti
Nimempelekea Fulgensi samaki. Hongo yupo, hataki nimsogelee mume wangu, nikasimama mbali. Nikamwambia habari ya goti. Kacheka! Eti dawa imeliponya. Akachuchumaa anionyeshe, nikaona alivyouma meno. Anaamini kabisa, ana furaha kama siku tuliyooana. Nampenda, tena nimemkasirikia. Samaki amekula, miiba kanirudishia kwa adabu.

Jumanne, 15 Agosti
Kumekucha. Ngoma toka alfajiri. Wamejipanga mbele ya ghala, waende bomani. Fulgensi wa kwanza, wavu begani — wavu nilioupanua mimi! Hongo anawaambia watazame tena jinsi dawa inavyofanya kazi: yeyote amrushie, popote. Watu wanashangilia.

Dionisi amekuja mbio hadi hapa kwangu, donge mkononi. Hawezi, anasema. Mkono wake haukubali kumfunga.

Wataniita mchawi. Watasema nimeharibu dawa. Labda Fulgensi hatanisemesha mwaka mzima. Na yeye atarudi nyumbani kwa aibu, anachechemea, wenzake wakimzomea. Atarudi!

“Shemeji, wanaondoka!”

Lete hapa donge hilo. Chini, kushoto.