Zamu ya Jackton

Kapsoit,
14 Februari 1999

Kwako mwanangu Kipkurui,

Chamgei, nakusalimu. Hapa tu wazima, na majani ya chai yanatoka vizuri. Je, baridi ya Wuhan imekuachia masikio?

Anayeandika ni Molly, kama kawaida: mimi nasema, yeye anaandika. Leo ameinamisha kichwa. Kaka yake Jackton amerudi kutoka huko kwenu China bila cheti, eti chuo kimemfukuza kwa kuharibu kazi ya kompyuta. Watu wetu unawajua, walimhukumu kabla hajafungua sanduku. Mama Jackton siku hizi anatoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, asisalimiane na mtu.

Nyinyi mlifanya kazi chumba kimoja. Aliharibu nini?

Mama yako


Wuhan,
21 Machi 1999

Mpendwa Mama,

Nakusalimu sana, na Molly pia. Mimi ni mzima, nakula, nalala.

Kichina hakina a, b, ch. Neno ni mchoro, na ndani ya mchoro kuna kipande kinachokuonyesha utalitafuta wapi kwenye kamusi. Nitakiita mzizi. Mto, ziwa, chozi, yote yana mzizi wa maji. Mizizi ni 214. Sasa kompyuta haijui michoro, inajua namba tu. Zamani mzizi wa maji ulitumia namba ya neno maji, kwa sababu ukisimama peke yake unafanana nalo kabisa. Wataalamu wa nchi nyingi wamekubaliana kuipa mizizi namba zake yenyewe, ili kompyuta itofautishe mzizi na neno. Sisi tulikuwa tukimpangia profesa orodha hiyo.

Basi mtu aliona michoro pacha, akadhani ni marudio. Akachambua orodha vile sisi tunavyotoa majani makuukuu ya chai kituoni kabla karani hajapima. Alifuta mizizi yote. Kazi ya miezi minne.

Mwanao,
Kipkurui


Kapsoit,
9 Mei 1999

Mwanangu Kipkurui,

Salamu nyingi. Ng'ombe amezaa ndama jike, mimi sina homa wala kikohozi.

Nimesomewa barua yako mara tatu. Unasema huyo mtu alichambua kama sisi kituoni. Jackton amekulia nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, hajawahi kuchambua kikapu cha chai hata kimoja. Wewe nilikufundisha ukiwa na miaka sita.

Molly akimwuliza, anasema tu, "Kipkurui ataandika." Utaandika nini?

Mama yako


Wuhan,
20 Juni 1999

Mama, na wewe Molly unayesoma,

Sina uso wa kuwauliza hali. Nimekaa na aibu tangu Januari, na inayonichoma zaidi ni kwamba Molly ndiye atakayeyasema haya kwa mdomo wake. Molly, soma, usiruke.

Nilifuta mimi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Jackton. Jino lilimuuma, akaniomba nimshikie, na kitabu cha zamu hatukukibadilisha. Profesa alipokifungua, jina lilikuwa lake. Jackton alinitazama, akingoja niseme. Nikatazama viatu vyangu. Niliogopa kurudi Kapsoit vile alivyorudi yeye. Hakunitaja. Nilimbebea sanduku mpaka stesheni, kisha nikarudi kazini.

Profesa bado hajui. Nimefika mlangoni kwake mara mbili nikageuka. Nisamehe, Mama.

Kipkurui


Kapsoit,
18 Julai 1999

Kipkurui,

Molly amesoma yote. Alipomaliza aliosha vikombe vyangu vyote, hata visafi, ndipo akashika kalamu.

Nimeenda mwenyewe kwa Mama Jackton kumwambia. Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alinipa chai, na nilishindwa kuinywa. Jumapili nilisimama kanisani nikasema aliyeharibu ni mwanangu. Sijawahi kuona aibu namna ile, hata siku tulipomzika baba yako bila jeneza la maana.

Msamaha unaouomba si wangu kuutoa. Ingia kwa profesa. Ukitoka hapo, usiniandikie mimi, mwandikie Mama Jackton. Yeye naye hajui kusoma. Atakayemsomea ni Molly.

Mama yako