Mpiga Mbizi wa Ndalu

Ndalu, Jumapili

Kwa dada yangu Edinah, huko Bungoma,

Mama ni mzima, mahindi yamefika kiunoni, na ng'ombe wako amezaa dume, pole.

Kile cheti nilichotoka nacho Diani, kule pwani, Mama alikitundika sebuleni. Kina picha ya mtu chini ya maji, na kila mgeni anaamini ni mimi. Wewe unajua nilikuwa mpishi wa wapiga mbizi, na nilisoma nao huduma ya kwanza tu, kwenye mkeka. Kuogelea sijui.

Jumanne mzee Wekoye aliteleza bwawani akinywesha ng'ombe. Nilipofika, mkewe Nakhungu alikuwa ameshamvuta nje kwa kamba, lakini mzee alikuwa hapumui. Nikabonyeza kifua na kupuliza hewa mpaka akanitapikia maji shati lote. Watu wakanikuta nimelowa, na mmoja wao akapaza sauti:

"Si Hillary ndiye ameingia kumtoa, bana!"

Nakhungu alinitazama. Nikanyamaza, na hapo ndipo nilipojifunga.

Leo chifu ametangaza kanisani kwamba Jumamosi nitawaonyesha vijana kupiga mbizi. Nikamwambia maji ni machafu.

"Ati machafu? Na Jumanne yalikuwa safi?"

Mama ameshaomba kiti cha mbele. Sijamwona akifurahi hivi tangu tumzike Baba. Ijumaa nitamwambia ukweli, kwa hivyo njoo ukae karibu naye. Mtu asiyepumua namweza. Huyu sijui nitaanzia wapi.

Ni mimi ndugu yako, mkavu bado,
Hillary